Mji Uliochimbwa Shambani Kwangu

27 Desemba

Isack amenipa kitabu hiki. Aliachiwa na mgeni wake mmoja aliyempandisha mlimani, jalada gumu, karatasi nzito. Akasema, "Dada, wewe unapenda kulalamika. Lalamika humu, utupumzishe." Mdogo wangu huyu ana mdomo, lakini ndiye pekee aliyekumbuka kwamba na mimi hupewa zawadi.

Haya, nalalamika. Nyumbani Marangu kumejaa ndugu waliokuja kula Krismasi. Wanasifia ndizi, wanapiga picha na Mama, vyombo wananiachia mimi. Leo nimewakimbia nimeshuka huku chini, kwenye shamba langu. Kihamba cha juu, shamba la migomba la ukoo, ni cha Isack, kwa kuwa ni kitinda mimba, na kwetu kihamba humfuata mtoto wa kiume wa mwisho. Hilo sina ugomvi nalo. Hapa chini ni kwangu. Mwaka ule mume aliponirudisha kwa kuwa sizai, Baba alinipa shamba hili la mahindi, lenye kilima kidogo cha majivu ya kale ya volkano katikati. Akapanda masale, majani yetu ya heshima, kuzunguka mpaka wote, akasema mbele ya Mama kwamba hapa Yuditha hafukuzwi na mtu. Nikajenga vyumba viwili vya tofali, nikavuta maji kwa mpira kutoka juu.

Isack naye ameshuka kunichimbia choo kipya. Sikumwomba. Nilimbeba mgongoni huyu mpaka akakataa mwenyewe kubebwa, na nikimwona anatoka jasho kwa ajili yangu najisikia tajiri.

28 Desemba

Kazi ya choo imekwama. Kwenye mwamba Isack amekuta punje za kijani, zinang'aa kama chupa ya bia iliyovunjika. Nikamwambia ni chupa. Akasema chupa haizaliwi ndani ya jiwe.

30 Desemba

Amekuja broka mmoja wa Njoro anaitwa Lucky, shati limepigwa pasi, viatu vyeupe shambani. Akalilowesha jiwe kwa mate, akaliinua juani, akanyamaza muda mrefu. Nimeuza mahindi sokoni miaka mingi. Mnunuzi akinyamaza ujue ameona kitu.

1 Januari

Isack alipeleka jiwe moja kanisani kuwa sadaka ya mwaka mpya. Ulikuwa wema, na ndilo kosa. Baada ya ibada likapigwa mnada pale nje pamoja na kuku na mikungu ya ndizi, mzee wa kanisa hajui hata aliiteje, akasema "kijani hiki." Watu wa Dar na Arusha wakapandishiana bei mpaka mchungaji akaomba utulivu. Angelipata mwezi wa tatu, labda lingebaki jambo la familia. Lakini Krismasi na mwaka mpya Wachagga wote tupo nyumbani, kila mmoja na simu yake. Jioni hiyohiyo nilipigiwa na binamu yangu aliye Mwanza akiniuliza shamba langu liko upande gani.

5 Januari

Watu.

8 Januari

Watu zaidi. Wanaapolo, hawa vijana wachimbaji, wamekuja na tindo, kamba na magodoro. Choo sijapata.

19 Januari

Sasa kuna mji. Nilipolala palikuwa na mabua, nimeamka pana kinyozi. Kuna baa mbili za mabati, duka la betri, mhubiri mwenye spika, na hema la turubai limeandikwa GESTI DUBAI kwa rangi ya kucha. Wamepaita Kijani. Isack anapanga nani achimbe wapi, Lucky ananunua, na mimi napika mtori, na kiburu cha ndizi na maharage. Bomba pekee ni langu. Wananiita Mama Kijani. Tangu nizaliwe hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniita mama, na siwezi kusema uongo humu: napenda.

24 Januari

Kuna msichana wa Soweto, kule mjini Moshi, anaitwa Violet, anauza chai na maandazi huku mtoto yuko mgongoni. Jana aliingiza ndoo yake mbele ya foleni, akasema mtoto anaumwa tumbo. Nikaichukua ndoo ikiwa imejaa, nikaimwaga chini mbele ya wote, nikamwambia aanze nyuma. Watu wakacheka. Akaniambia "Samahani, mama," akaenda nyuma ya foleni. Nililala vizuri.

2 Februari

Vumbi. Nimepika, nimeuza, nimelala.

11 Februari

Wamefukua masale ya upande wa mashariki ili kupanua shimo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Isack akasema tutayapanda tena, dada, hayo ni majani tu. Hasemi hivyo kijana aliyelelewa kwetu. Mpaka ukiwa na masale hata mlevi hauvuki. Nikamtazama amevaa saa mpya na kofia ya Lucky, nikaona amenenepa shingo.

12 Februari

Isack hakuja kula.

26 Februari

Nina hasira, nitaandika polepole.

Lucky ndiye aliyeniambia, tena akinywa mtori wangu. Alidhani najua. Wiki iliyopita yeye na Isack walikwenda ofisi ya kijiji, wakaandikisha shamba hili kwa jina la Isack, kwa sababu wanunuzi wakubwa wanataka kuona mwenye ardhi, na mwenye ardhi wakamwelewa kuwa ni mtoto wa kiume. Nikamuuliza shahidi alikuwa nani. Akasema mama yenu, bibi mzuri sana, tulimpeleka kwa gari.

Nilipanda juu hapohapo na aproni yangu. Mama alikuwa anamenya ndizi. Sikumwamkia. Nikamuuliza kama alisema kwamba Baba hakunipa shamba. Akaendelea kumenya. Akasema mwanamke hapewi shamba, hupewa mahali pa kukaa, na mahali pa kukaa ninapo, sasa ninalilia nini. Nikamkumbusha siku ile, alivyosimama pale karibu na Baba, alivyoshika jani la kwanza la isale lilipopandwa. Akasema amezeeka, hakumbuki.

Anakumbuka. Mama anakumbuka kila kuku aliyewahi kuibiwa kijiji hiki.

27 Februari

Isack amekuja na kilo mbili za nyama. Nimewapa mbwa wa baa.

8 Machi

Mvua ya kwanza. Nilipaswa kuwa napanda. Nimesimama mlangoni nikahesabu mapipa badala ya matuta.

14 Machi

Lucky anasema mkanda wa mawe unapita chini ya nyumba yangu, nihame kabla ya Pasaka. Isack alikuwa amesimama nyuma yake akichezea kamba. Nikamuuliza yeye, sikumuuliza Lucky: "Isack, na wewe unasema nihame?" Akasema ni kwa muda tu. Akasema nikakae juu na Mama, nimsaidie kazi.  Nimeweka kitanda mlangoni na nimelala na panga.

Nataka iandikwe mahali fulani, hata kama ni humu tu: sitaki mawe, sitaki kuitwa mama. Nataka shamba langu lirudi lilivyokuwa, na nataka walionichukulia waumie.

23 Machi

Maji yanaingia mashimoni. Mawe yanayotoka ni madogo na yana nyufa. Lucky anayatema kwa macho.

29 Machi, Ijumaa Kuu

Mhubiri amefunga spika yake ameondoka. Bodaboda hazishuki tena mpaka ulipie matope.

2 Aprili

Lucky hayupo. Alisema anakwenda Arusha kuonana na mnunuzi, akaondoka na mawe ya watu wote, simu haipatikani. Vijana walivunja kibanda chake wakakuta pasi tu. Baa moja imefunga. Nimesikia raha siku nzima, nimepika huku naimba pambio.

6 Aprili

Wamekuja na isale.

Nilikuwa nakoka moto asubuhi nikamwona baba mdogo Thadeus, mdogo wa marehemu Baba, anateremka na fimbo yake kwenye utelezi, na nyuma yake Isack, kichwa wazi, mvua inamnyeshea. Mkononi mwa baba mdogo jani la isale, limefungwa fundo. Mtu akikutendea ubaya, kwetu huja hivyo, na mzee mbele. Yeye mkosaji hasemi kitu. Isale likifika mkononi mwako unasamehe, utake usitake, hata kama ameua. Nimefundishwa hivyo kabla ya Baba Yetu. Sijawahi kusikia mtu amelikataa.

Nikamwamkia baba mdogo, nikampa kigoda. Isack akakaa chini, kwenye tope.

"Yuditha, mwanangu," akasema, "nimekuja na isale. Mtoto amekosa. Anajua amekosa. Hiyo karatasi ya kijiji tutaifuta."

"Mama yuko wapi?"

"Miguu inamsumbua."

"Ofisini ilimfikisha."

"Ukiletewa isale huulizi, mwanangu. Unapokea, tunakunywa mbege, tunaondoka."

Akaninyooshea. Nikalipokea. Nikamwona Isack anashusha mabega, anavuta pumzi, na uso wake ukarudi ule wa mtoto niliyembeba. Ni hiyo pumzi iliyoniudhi. Alikuwa na hakika. Walipomchukua Mama kwa gari, walipofukua mpaka, Lucky aliponiambia nihame, siku zote hizo alijua kwamba mwishoni kuna jani, na kwamba mimi ni Yuditha.

Nikaliweka jani motoni. Lilikuwa bichi, halikushika, likafuka moshi tu. Nikalisukuma ndani kwa kijiti mpaka likajikunja.

Baba mdogo akainuka kwenye kigoda. Kisha akasema, "Nimezeeka, na hili sijaliona." Akaondoka akasahau fimbo yake. Isack alibaki amekaa. Akasema, "Dada." Nikamwambia aondoke kwenye shamba langu. Wanaapolo wote walikuwa wamesimama kwenye mvua wanatazama.

7 Aprili

Sijutii. Nimeandika ili nione kama mkono utabisha. Haukubisha.

9 Aprili

Habari imepanda mlima na kushuka. Hao vijana wengi ni wa Rombo, wa Kibosho, wa Machame, wote wanajua isale ni nini. Wanasema mtu aliyekataliwa isale ardhi haimtaki, na atakayeshuka naye shimoni atafuata. Leo wa Rombo wameondoka wote. Wameng'oa mabati, wameacha nguzo.

11 Aprili

Kinyozi ameondoka. Kioo chake kimebaki ukutani.

15 Aprili

Violet alikuja jioni hana ndoo. Aliniamkia, akaniambia hakuna kijana anayekubali kumshikia Isack kamba, kwa hiyo anamshikia yeye, mtoto mgongoni. Nikamuuliza huyo bado anatafuta nini humo ndani na wanunuzi wamekwisha. Akasema, "Anasema akipata jiwe moja zuri atakuletea wewe, mama. Anasema labda utalegea."

Nikamwambia: "Kampe salamu. Mwambie sitalegea hata akileta mlima."

16 Aprili

Asubuhi mvua kubwa. Nilisikia mlio mfupi, mzito, kama mtu amebwaga gunia. Halafu Violet mlangoni, viganja vimechunika, hakuna ngozi, mtoto analia. Kamba ya Isack ilimtoka mikononi mara moja, akasema. Ilikwenda yote.

Nilikimbia. Upande wote wa kilima ulikuwa umekaa chini, mashimo yamekuwa tope moja. Violet alinionyesha pa kuchimba kisha akanionyesha pengine, kisha akakaa akashika kichwa. Niliwaita vijana waliobaki, nikawataja kwa majina, nikawaambia kuleni bure kwangu mpaka mfe, njooni na sepetu. Walikuwa wanakunja magodoro. Mmoja, aliyekuwa anapenda kiburu changu, akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, wewe mwenyewe ulimkataa. Sisi tumtoe tumpeleke kwa nani?"

Nikachimba na jembe, likakatika mpini. Nikachimba na sufuria. Nikatoa tope likarudi. Nilimwita kwa jina la utotoni ambalo siliandiki humu. Violet alikuwa anachota kwa beseni la maandazi na viganja vyake vile, na mtoto tulimlaza chini ya turubai la Dubai. Mchana baba mdogo alifika na wanaume wa ukoo, wakachimba mpaka giza. Hakuna aliyezungumza nami. Walipokezana sepetu juu ya kichwa changu.

Mama hakuja.

18 Aprili

Mtu wa wilaya amefika na mwavuli, ametazama kilima kinavyosogea, amekataza mtu yeyote kuchimba. Amezungushia utepe. Wanaume wamekusanya zana. Baba mdogo amepita mbele yangu nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Maishani mwangu sijawahi kuona mtu mzima anaiacha shikamoo njiani.

19 Aprili

Mvua.

20 Aprili

Mvua.

28 Aprili

Kijani kinaliwa. Kila siku anakuja mtu anang'oa bati, mlango, msumari. Baa imebaki sakafu na kaunta ya tofali. Kuna chupa, kuna soksi, kuna jina la kila timu limepakwa ukutani, na mashimo yamejaa maji ya kijani kweli. Miezi minne tu iliyopita hapa palikuwa mabua. Jioni nazunguka kati ya nguzo nikiwapisha watu ambao hawapo.

3 Mei

Violet ameondoka, wa mwisho. Nilimwomba abaki. Nilimwambia kuna chumba, mtoto atakuwa na uji, bomba ni letu wote. Alikuwa anafunga sufuria zake na viganja vyenye makovu mekundu. Nikamwomba radhi kwa ile ndoo. Akasema hiyo ameshaisahau.

Halafu akasema, "Mama, zile salamu nilimpa. Asubuhi ileile, kabla hajashuka. Akasema sawa. Akashika kamba." Akamweka mtoto mgongoni, akaniaga kwa heshima, akapanda barabarani.

Nilikuwa sijamuuliza. Sasa najua, na hakuna pa kuliweka.

21 Mei

Mwenyekiti wa kijiji ameleta karatasi mpya. Shamba limerudi kwa jina langu, kwa sababu wa jina lile hayupo na hakuna mwingine anayelitaka. Nimetia sahihi. Nyuma ya nyumba kumebaki kipande kimoja tambarare, hakina shimo wala mawe. Nimechelewa sana, mvua zinaishia, lakini udongo bado una unyevu. Nimepanda mahindi.

4 Juni

Yameota. Naenda kuyatazama asubuhi, mchana na jioni. Ndicho kitu pekee nilichogusa mwaka huu kikaota.

16 Juni

Mama amekuja. Ameletwa na gari la jirani, na godoro lake, na blanketi, na Biblia ya Kichagga. Nilimwamkia, akaitikia. Akasema amekuja kukaa. Nilimpa chumba changu, nikachinja kuku, nikatandika. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Tangu nirudishwe na mume sijawahi kulala nyumba moja na mama yangu bila kuwa mtumishi wake.

17 Juni

Amekaa nje siku nzima, ameelekea kilimani. Amekula vizuri.

23 Juni

Leo nimemuuliza. Nilikaa chini karibu na miguu yake, nikamwambia Mama, Baba alinipa shamba hili mbele yako. Nilidhani atasema amezeeka.

"Alikupa," akasema. "Nilishika jani la kwanza mimi mwenyewe."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu Isack angekasirika, na wewe ungesamehe. Wewe umezoea." Akavuta blanketi magotini. "Sikujua kama hujui kuzoea mpaka mwisho."

Nikalia. Hakunigusa, wala hakuondoka. Baadaye akasema hajaja kukaa na mimi, nisije nikajidanganya. Amekuja kukaa na mwanawe. Wamemwambia Isack hatatolewa humo, hatalala kihambani na baba yake. Basi na yeye hatalala kihambani. Akifa azikwe hapa, karibu naye.

"Hili naomba," akasema. "Na usinikatalie."

Nikasema sitakataa. Nikamuuliza anataka wapi, kwa kuwa kote ni mashimo. Akainuka kwa kunishika bega, mara ya kwanza kunigusa tangu aje, akanizungusha nyuma ya nyumba mpaka kwenye mahindi. Yamefika magotini, majani mapana. Akasimama katikati yake, akageuka mpaka akakiona kilima vizuri.

"Hapa," akasema. "Yang'oe. Pasipandwe kitu tena."

Nilianza mstari wa kwanza. Yalikuwa yanatoka kwa urahisi, mizizi bado michanga. Mama alisimama akinitazama mpaka nilipomaliza.